Mpangaji wa Mtungi wa Tisa

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, mfuko ukiwa umejaa nusu, na Fundi Tusajigwe akatukana.

Hakuutukana umeme. Umeme wa kule mlimani ulikuwa na tabia zake, na watu walishauzoea kama walivyoizoea mvua ya Rungwe. Alizitukana betri. Waliambiwa betri mpya zingeshika kazi kabla mtu hajafumba jicho na kufumbua, na sasa pampu zote kumi na mbili za karakana zilikuwa kimya, naye anahesabu sekunde, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, mkono mmoja kaubandika kwenye kioo cha mtungi wa tisa kana kwamba mkono ungeweza kusukuma maji.

Ndani ya mtungi, kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kilielea kibofu cha mtu. Kilikuwa na siku thelathini na tisa. Kilianza kama ute uliopakwa juu ya wavu mwembamba, seli za mwenyewe zilizokwanguliwa mwilini mwake, na sasa kilikuwa mfuko wa waridi iliyopauka, ukubwa wa parachichi. Mirija miwili ya figo iliingia kwa nyuma, chini kidogo, na shingo moja ilitoka upande wa chini. Matundu matatu, pembetatu. Ukiijua pembetatu hiyo umeijua nusu ya kibofu.

Nusu ya pili ni kukifundisha, na hapo ndipo watu wasipoelewa. Wanadhani mfuko ni mfuko. Lakini kibofu kilichooteshwa kwenye mtungi hakijui kazi. Kinaota kigumu, na usipokizoesha kitabaki kigumu kama chapati ya juzi. Kwa hiyo kila baada ya saa mbili pampu husukuma maji kupitia mirija ya figo, kidogokidogo, na mfuko unatanuka. Seli za utando wa ndani, ambazo mfuko ukiwa mtupu zimevimba na kubebana, zinalala na kuwa bapa. Kisha mlango wa shingo unafunguliwa, msuli unajikunja, maji yanatoka. Jaza, mwaga. Jaza, mwaga. Siku arobaini. Mafundi waliita somo. Siku tatu za mwisho maji yalitiwa rangi ya buluu, ili kama kuna tundu hata la ncha ya sindano, lionekane.

Alipofika ishirini na tatu, mfuko ukajikunja wenyewe. Ulikuwa umeshajifunza, masikini, na haukujua kwamba mlango wa chini bado umefungwa.

Buluu ikapanda.

Tusajigwe aliacha kuhesabu. Ilipanda mrija wa kushoto kwanza, polepole, halafu wa kulia, kama chai inavyolipanda andazi lililochovywa. Ikafika juu kabisa, pale mrija unaposhikana na pampu, pale ambapo kwa mtu aliye hai pangekuwa na figo. Ikakaa hapo.

Betri zikaamka. Pampu zikakohoa, zikasukuma, na buluu yote ikateremshwa chini kwa adabu. Kioo cha Msimamizi, mashine iliyotoa vyeti, kikawaka kijani: MTUNGI WA TISA. HAUVUJI. UMEFAULU.

"Umefaulu mama yako," Tusajigwe akaiambia.

Akafunga mlango wa karakana kwa ndani, akaizima pampu ya tisa kwa mkono wake, akangoja. Ikapanda. Akaenda wa kumi, akautia rangi, akazima. Ikapanda. Wa kumi na moja nao vilevile. Alirudi wa tisa akarudia tena na tena, si kwa kutoamini, bali kwa hasira, kama mtu anayefungua kabati lilelile mara sita akitafuta ufunguo ambao anajua haumo.

Maji hayapaswi kupanda. Kwa mtu aliyeumbwa, ukijaza kibofu mpaka jasho likutoke, hayapandi. Na hakuna vali pale. Hilo ndilo lililomstaajabisha tangu usichana wake. Mrija wa figo hauingii kibofuni kwa kutoboa ukuta moja kwa moja. Unaingia kwa mshazari, unatambaa kidogo ndani ya unene wa ukuta, ndipo unafungua mdomo wake. Mfuko ukijaa, ukuta unaubana mrija. Kadiri unavyojaa ndivyo unavyojifungia.

Alichukua tochi, akaipachika jicho la kukuza, akainama. Ukutani mwa mtungi wa tisa mrija ulikuwa umepita wima, kama msumari kwenye ubao.

Ndipo akakumbuka, akakaa kwenye ndoo.

Baba yake alikuwa na bucha la nguruwe. Watoto wa pale uani hawakununuliwa mpira. Walipewa kibofu, wakakiosha, wakakipuliza kwa bua la boga, wakakifunga kamba. Tusajigwe ndiye alikuwa hodari wa kupuliza. Miaka kumi na moja iliyopita, walipotaka kigezo cha kuilisha mashine ya kuotesha, waliletewa kibofu cha mtu aliyeacha wosia kwamba mwili wake utumike. Kilikuwa kitupu, kimekunjamana, kamera ya vipimo ikawa inakataa, haioni ukingo. Wasomi watatu wakasimama wanakuna vichwa. Yeye akasema, nipeni mimi. Akakifunga shingo, akakipuliza kikakaza kama ngoma, na kamera ikakisoma mara moja. Walimpigia makofi. Jina lake likaandikwa kwenye kigezo.

Mfuko ukikazwa hivyo, ukuta unakuwa mwembamba kama karatasi, na ule mshazari unavutwa mpaka haupo. Mashine ilisoma ilichoonyeshwa: tundu lililonyooka.

Mifuko mia mbili na kumi na moja ilikuwa imeshatoka humu.

*

Kwenye korido ya kwenda kwa mganga mkuu alikutana na Subilaga, mama mnene wa miaka sitini na kidogo, chupa ya uji kwapani, viatu kavikanyaga visigino kama kandambili. Alikuwa shangazi yake Ambwene, mwenye mfuko wa mtungi wa tisa, na yeye mwenyewe alivaa mfuko wa karakana hiyohiyo mwaka wa sita sasa. Ndiye aliyemshawishi kijana.

"Fundi wangu!" Subilaga alimkumbatia, chupa na yote. "Ugonile! Leo ni leo. Nimekuja na uji wake, atakapoamka apate kitu cha moto."

"Haruhusiwi kula, dada."

"Najua. Nitaunywa mimi nikimngoja." Akacheka peke yake. "Mbona umepauka? Au mpangaji wa mtungini amegoma kuhama?"

"Umeme umetusumbua."

"Umeme! Sisi tuliokojoa kwenye mifuko ya plastiki miaka minne tutaogopa umeme?" Akampiga begani, akaendelea na safari yake, chapa chapa chapa, na Tusajigwe akabaki anausikiliza mlio wa vile viatu mpaka kona.

*

Dokta Ngailo aliteremka karakana, akatazama buluu ikipanda, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Zamani alikuwa mpasuaji wa sifa. Sasa vidole vilitetemeka na kazi yake ilikuwa kusaini.

"Umejaribu mara ngapi?"

"Nimepoteza hesabu. Na wa kumi, na wa kumi na moja. Yote."

"Msimamizi hajawahi kulalamika."

"Atalalamikaje? Pampu zinaingilia juu, daktari. Miaka kumi na moja tunayasukuma maji kutoka juu kwenda chini, halafu tunajisifu kwamba hayapandi."

"Kwenye mwili kuna figo inayosukuma."

"Figo haisukumi, inadondosha. Mrija ndio unaokamua, kama umio unavyokamua tonge, unakamua na kupumzika. Ukipumzika tu, yanapanda. Wewe ndiye uliyenifundisha hayo."

Ngailo akakaa kwenye ile ndoo. Pampu zilikoroma.

"Tukiukata mrija tukaushone upya kwa mshazari?" Tusajigwe akauliza, ingawa jibu alilijua.

"Mfuko wa mtungini ukiukata, mshono unaoza. Tulijaribu na umio wa yule mwalimu. Ulikuwepo."

Alikuwepo.

"Nisikilize, Tusa," Ngailo akasema. "Ambwene figo ya kulia imekufa. Ya kushoto inatoa mkojo kwa mpira uliotobolewa ubavuni, na mpira huo umempa homa kali mara tatu tangu Pasaka. Kigezo kipya, mfuko mpya, somo jipya: miezi mitatu. Homa ya nne unajua itakuja lini? Mimi sijui. Tukimpa huu leo, atalala mkavu. Figo itapigwa, ndiyo, lakini polepole. Miaka mitano, sita. Katikati hapo tutamtengenezea mwingine."

"Bila kumwambia."

"Ukimwambia mmoja umewaambia wote. Wataifunga karakana nzima, si vibofu tu. Kuna watoto wanane wanangoja umio hapa. Kuna mama anangoja utumbo. Hao nao utawaeleza nini?" Akanyanyuka kwa kusukuma magoti. "Weka kidole. Leo tumpe usingizi, kesho tuandike barua."

"Kwa nani?"

"Kwa wahusika."

"Wahusika wako mia mbili na kumi na moja, daktari, na hawajui kama wanahusika. Wanne wamekufa. Tuliandika nini? Figo zilishaharibiwa na kichocho. Tuliandika hivyo mara nne."

"Huenda ni kweli."

"Huenda."

Alifika mlangoni ndipo akageuka, na hakusema kwa kutisha. Afadhali angetisha. "Kigezo kile ni chako, mama. Sitaki kuja kukusikia unatajwa."

Kanuni ilikuwa moja tangu siku ya kwanza: mtungi haufunguki bila kidole cha fundi aliyeufundisha. Si cha daktari, si cha Msimamizi. Waliweka hivyo ili mashine isije ikamtolea mtu mfuko ambao hakuna binadamu aliyeutazama. Tusajigwe alikitazama kidole chake gumba. Kilikuwa na buluu kwenye ukucha. Upasuaji ulikuwa saa nane. Ilikuwa saa sita kasoro.

Angetaka sana awepo mtu wa kugombana naye. Ngailo alikuwa na makosa, lakini si makosa ya mtu mbaya, na hilo lilimkera kuliko yote. Alipiga teke ndoo. Ikamuumiza dole la mguu, basi, hata ndoo ilimshinda.

*

Ambwene alikuwa fundi wa mashine za kuchumia chai, miaka thelathini na mbili, kichocho alikitoa kwenye mashamba ya mpunga alikokulia. Kila Ijumaa alikuja karakana kukitazama kibofu chake. Alikibatiza Mpangaji, na aligonga kioo kwa ukucha akisema, hodi, kodi yangu iko wapi.

"Mama Tusa!" alisema alipomwona. Ubavuni mpira ulining'inia, na chumba kilikuwa na ile harufu ambayo yeye mwenyewe aliiombea radhi kwa kila mgeni. "Mpangaji ameshafunga mizigo?"

"Hafai kuhamia," Tusajigwe akasema. Alikuwa amepanga kuanza kwa upole, njiani kote alikuwa anapanga, na sasa imetoka hivyo.

Ambwene akacheka. Akamtazama. Akaacha kucheka.

"Niambie kama unavyomwambia fundi."

Akamwambia. Hakuacha kitu: pampu, buluu, ukuta, mshazari, bucha la baba yake, bua la boga. Ambwene alisikiliza kichwa kakiinamisha upande, kama anavyosikiliza injini.

"Yaani," alisema mwishowe, "ulipima mpira wa tairi ukiwa umejaa upepo, ukadhani ule ndio unene wake."

"Ndiyo."

"Mwanafunzi wangu wa mwezi wa kwanza hafanyi hivyo."

"Ndiyo."

"Acha kuniitikia ndiyo!" Akapiga godoro. Kisha akatulia, kwa sababu ubavu ulimchoma. "Mkiniwekea hivyohivyo itakuwaje?"

"Utalala mkavu. Ukisikia haja utakwenda mwenyewe, utakojoa umesimama. Na kila mfuko utakapojikunja, kiasi kidogo kitapanda kuipiga figo. Miaka mitano, labda saba."

"Itauma?"

"Haitauma. Ndiyo shida. Figo hailii."

"Na nikingoja?"

"Miezi mitatu na mpira huo. Na homa zake."

Ambwene akageuza uso ukutani. "Mke wangu ameanika mashuka meupe," alisema. "Tangu tuoane hatujawahi kuwa na mashuka meupe. Yeye hulala kwenye mkeka, anasema anapenda mkeka. Nani anapenda mkeka kwenye baridi hii?" Akangoja. "Weka kidole chako, mama."

Tusajigwe akakikunjia kidole gumba kiganjani.

"Si umenieleza? Si nimeelewa? Figo ni yangu. Weka kidole."

Na hapo akajiona mjinga mara ya pili siku hiyo. Alikuja akidhani kusema ndiyo kazi, kwamba akishasema atakuwa ameutua mzigo. Kumbe kijana ameupokea mzigo na kumrudishia ukiwa na kamba juu yake. Akikataa, anamnyima mtu usingizi aliouchagua mwenyewe macho makavu. Akikubali, saa nane mtungi utafunguka kwa kidole chake, mfuko wa mia mbili na kumi na mbili, na safari hii hatakuwa na la kusema kwamba hakujua.

"Shangazi yangu," Ambwene akasema ghafla. "Wake ni wa kigezo kilekile?"

"Yote ni ya kigezo kilekile."

"Mwaka wa sita huu."

"Mwaka wa sita."

Akajiinua kwenye viwiko. Uso ulikuwa umebadilika. Hasira ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imepata mahali pa kukaa. "Anajua?"

"Hajui."

"Kwa hiyo mimi unaniuliza ninataka nini kwa sababu nimelala hapa mbele yako. Yeye ulikuwa umuulize lini? Hao wengine je?"

"Daktari anasema ataandika barua."

"Barua!" Akatema lile neno kama kokwa. "Shangazi hajui hata kusoma maandishi madogo. Atampa mtoto wa jirani amsomee." Akajilaza, akavuta shuka mpaka shingoni, na kwa muda ilionekana kama amemaliza. "Nikiingia mle leo, habari hii mtaizika pamoja na mimi. Mtasema tazama, hata aliyeambiwa alikubali. Nawajua watu wa ofisi. Basi sitaki. Mwageni Mpangaji."

"Ambwene..."

"Sikusamehe, usije ukadhani. Nitaunusa huu mpira miezi mitatu na kila nikiunusa nitakutaja. Lakini nenda ukamwambie wewe, kwa mdomo wako. Na ukitoka hapo uende kwa wengine kwa miguu yako. Mia mbili na ngapi?"

"Kumi na moja. Wamebaki mia mbili na saba."

"Haya. Una miaka hamsini na nane na miguu bado unayo. Nenda."

*

Alipita karakana kwanza. Alizima pampu ya tisa, akautazama mfuko ukijikunja na buluu ikipanda mara ya mwisho, kisha akafungua bomba la chini, na maji yakashuka, na kile kibofu kikalala chini ya mtungi kimekunjamana, kitupu. Siku thelathini na tisa za kazi safi. Akakiangalia vizuri, jinsi kilivyojikusanya, jinsi ukuta ulivyonenepa kilipoachwa kitulie. Hivi ndivyo kilipaswa kupimwa. Kitupu, kimelala, kinaonekana hakina maana. Mtu angehitaji subira tu, siku nzima na kamera, kukunjua na kusoma kidogokidogo, badala ya kupuliza apigiwe makofi.

Msimamizi akauliza kwa maandishi mekundu: KIDOLE CHA FUNDI? Aligusa HAPANA. Mashine ikauliza sababu, ikampa nafasi ya maneno matano. Akaandika: Kigezo ni kibovu. Nilikosea. Ikakubali bila wasiwasi wowote, kama ilivyokubali kila kitu miaka yote.

Simu ya mezani ikaanza kulia. Alijua ni Ngailo. Akaiacha.

Subilaga alikuwa kwenye benchi la korido, chupa ya uji mapajani, anamsimulia mfagiaji jinsi alivyocheza kwenye harusi ya Kyela bila kwenda chooni mpaka wimbo wa tatu. Viatu alikuwa amevivua kabisa, amevipanga ukutani. Miguu yake ilikuwa imevimba vifundoni, ngozi inang'aa, na alama ya mkanda wa kiatu ilibaki palepale kama ya kidole kilichobonyeza unga.

"Ah, umekuja!" alisema. "Wameshamwingiza? Njoo ukae, nikumiminie uji. Usinitazame miguu hivyo, mwenzangu. Ni hivi viatu. Mwezi wa pili huu vinanibana, na ni saizi yangu ileile, sijui vimepatwa na nini."

Tusajigwe akakaa. Alikipokea kikombe akakiweka chini bila kunywa. Akauinua mguu mmoja wa Subilaga, akaupakata magotini kwake kama mguu wa mtoto, akabonyeza kwa kidole gumba, kile chenye buluu kwenye ukucha. Shimo likabaki.

"Si viatu, dada," alisema.